TiVo na EchoStar: kesi ya breveti iliyomalizika kwa dola milioni 500

Tarehe 2 Mei 2011, kompani za Marekani zilizokuwa zinashitakiana tangu miaka saba zilitangaza kwamba zimepatana. Dish Network na ndugu yake EchoStar zilikubali kulipa kompani TiVo dola milioni 500. Kitu walichokuwa wanagombania ni namna ya kurekodi televizio: mashine inayomwezesha mtu kusimamisha mechi inayochezwa sasa hivi, kwenda kumfungulia mgeni mlango, kisha kuendelea pale alipoachia.

Leo dekoda mingi zinafanya hivyo na watu hawaoni ajabu. Lakini swali la nani aliyevumbua namna ile, na nani alipashwa kumlipa, lilirudi mbele ya tribinali mara na mara. Siku moja mwamuzi aliamuru hata kuzima kazi ya kurekodi ndani ya mamilioni ya nyumba. Hapa chini ni namna kesi hiyo ilivyoanza, sababu gani ilikawia, na nini iliwasukuma wapinzani kuketi pamoja.

Mashine yenyewe inafanya nini?

Mbele ya mwaka wa 1999, kurekodi televizio kulikuwa kazi ya kaseti. Kaseti ina sheria moja ngumu: wakati inaandika, haiwezi kusoma. Mtu aliyetaka kuangalia kipindi alichokuwa anarekodi alipashwa kungojea kiishe, kisha arudishe kaseti nyuma.

TiVo, kompani iliyoanzishwa mwaka wa 1997 kule California na Jim Barton na Mike Ramsay, ilitafuta njia ingine. Mashine yao ilipokea picha na sauti, ikazigeuza kuwa hesabu za kidijitali, ikaziweka kwenye diski sawa vile diski ya kompyuta. Uzuri wa diski ni kwamba inaweza kuandika mahali pamoja na kusoma mahali pengine karibu wakati uleule. Ni kama daftari moja yenye watu wawili: mmoja anaandika ukurasa wa 20, mwingine anasoma ukurasa wa 12, na hakuna anayemzuia mwenzake.

Kusema hivyo ni rahisi. Kufanya kulikuwa kugumu, juu kompyuta yenye nguvu ya kutosha ilikuwa bei kali wakati huo, na mashine ya kuweka sebuleni inapashwa kuuzwa kwa bei ambayo familia inaweza. Wahandisi wa TiVo walipanga namna ya kugawanya kazi ndani ya mashine ili hata kompyuta ndogo isilemewe: kutenganisha picha na sauti, kuandika alama zinazoonyesha kila kipande kiko wapi, na kudhibiti mwendo wa data ili mashine isijae wala isikauke. Mashine ya kwanza ilitoka mwezi wa Machi 1999.

Breveti ni nini?

Breveti inayosemwa hapa si cheti cha masomo. Ni hati ambayo serikali inampa mvumbuzi. Kwa hati hiyo, mvumbuzi anaeleza wazi namna uvumbuzi wake unatumika, na serikali inamwahidi kwamba kwa muda fulani hakuna mwingine atakayeutengeneza wala kuuuza bila ruhusa yake. Muda ukiisha, kila mtu anaweza kuutumikisha bure.

Breveti hailindi wazo tupu. Mtu hawezi kusema “mimi nilifikiri wa kwanza kusimamisha televizio” halafu akadai feza. Anapashwa kuandika namna kamili ya kufanya, kwa vifungu vyenye namba. Kila kifungu ni kama mpaka wa kiwanja: anayeingia ndani ya mpaka bila ruhusa amevunja haki, anayepita pembeni yuko huru. Njo maana kesi za breveti zinakawia: wapinzani wanagombania kila neno la vifungu hivyo.

TiVo iliweka maombi yake tarehe 30 Julai 1998, miezi nane mbele ya kuuza mashine ya kwanza. Ofisi ya breveti ya Marekani iliikubali tarehe 15 Mei 2001 chini ya namba 6,233,389. Katika tribinali watu walizoea kuiita “breveti 389”. Kwa kuwa muda wake ulikuwa miaka 20 tangu siku ya maombi, ilipashwa kuisha mwaka wa 2018. Tarehe hiyo ilikuja kuwa na uzito katika mapatano.

Mdogo anamshitaki mkubwa

Marekani, kama vile kwetu, familia mingi zinapata televizio kwa antena ya satelite na zinalipa kila mwezi. Wakati huo kompani mbili zilikuwa zinashindania wateja hao: DirecTV na EchoStar, iliyokuwa inauza huduma yake kwa jina la Dish. DirecTV ilifanya mapatano na TiVo na kutoa dekoda zenye teknolojia yake. EchoStar, yenye makao Colorado na iliyoanzishwa na Charlie Ergen pamoja na wenzake, ilitengeneza dekoda zake yenyewe, zenye kurekodi na kusimamisha picha, bila kulipa TiVo.

Mwezi wa Januari 2004, TiVo ilifungua mashtaka katika tribinali ya serikali kuu ya eneo la mashariki ya Texas. Tofauti ya nguvu ilionekana wazi. EchoStar ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 12 wakati kesi ilipofika mbele ya waamuzi. TiVo ilikuwa kompani ndogo ambayo tangu kuzaliwa kwake karibu kila mwaka ilikuwa inapoteza feza. Kama mkubwa angeruhusiwa kutengeneza mashine ileile na kuitoa pamoja na antena, mdogo hangebaki na kitu cha kuuza.

Kesi ilisikilizwa katika mji mdogo wa Marshall, mbele ya mwamuzi David Folsom na baraza la raia wa kawaida, kwa kuwa sheria ya Marekani inaruhusu raia wakate neno katika kesi kama hizi. Tarehe 13 Aprili 2006, raia hao walisema EchoStar imevunja breveti, na kwamba ilifanya hivyo kwa kusudi. Waliipa TiVo karibu dola milioni 74. Ndani yake, karibu milioni 32.7 zilikuwa za faida ambayo TiVo ilikosa, na karibu milioni 41.3 zilikuwa za malipo ya ruhusa ambayo EchoStar ingepashwa kulipa tangu mwanzo.

Amri ya kuzima

Feza haikuwa jambo kubwa kuliko yote. Mwezi wa Agosti 2006, mwamuzi Folsom alitoa amri: EchoStar iache kuuza dekoda zilizovunja breveti na, ndani ya siku 30, izime kazi ya kurekodi katika dekoda zilizokuwa tayari kwa wateja. Ni dekoda 192,708 tu zilizoachwa nje ya amri, kwa sababu TiVo ilikuwa imekwisha kupewa fidia ya faida juu yake.

Kwa mteja, maana yake ilikuwa hii: mtu aliyelipia dekoda yake vizuri, asiyejua hata jina la breveti, angeamka asubuhi na kukuta haiwezi tena kurekodi. EchoStar ingeweza kuzizima kutoka mbali, juu dekoda za satelite zinapokea maagizo kwa njia ileile zinapopokea picha. Hapo wateja wangeweza kukimbilia kwa DirecTV, na EchoStar ililijua hilo.

EchoStar ilikimbilia tribinali ya rufaa ya Washington inayosikiliza kesi za breveti, na amri ikasimamishwa kwa muda. Tarehe 31 Januari 2008 tribinali hiyo ilitoa jibu lililogawanyika. Kwa vifungu vinavyosema juu ya vipande vya mashine, iliona EchoStar haikuvunja. Kwa vifungu viwili vinavyosema juu ya programu ya ndani, kifungu cha 31 na cha 61, ilisema imevunja. Viwili vilitosha. Fidia ilibaki, na amri ya kuzima ilipashwa kurudia nguvu yake.

Mwezi wa Oktoba 2008, Tribinali Kuu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa ya EchoStar. Kwa kuhesabu na riba, EchoStar ililipa TiVo dola milioni 104.6. Wengi wangefikiri kesi imeisha pale.

“Hii programu si ile”

Haikuisha. EchoStar ilisema: dekoda zilizohukumiwa hazipo tena. Wahandisi wake 15 walikuwa wametumia saa 8,000 kuandika programu mpya, na programu hiyo ilikuwa imetumwa kwa satelite ndani ya dekoda za wateja. Kwa macho, dekoda ni ileile na mteja anasimamisha picha kama zamani. Lakini ndani, EchoStar ilisema, kazi inafanyika kwa njia ingine. Mahali programu ya zamani ilikuwa inaandika alama ya kila picha iko wapi, ile mpya inakadiria tu kwa hesabu.

Kisheria, kupita pembeni ya breveti si kosa. Sheria inataka watu watafute njia zingine; uvumbuzi mpya unatoka humo. Lakini mtu aliyehukumiwa akibadilisha kitu kidogo tu na kuendelea, amri ya tribinali inabaki karatasi bila meno. Swali likawa: kati ya kubadilisha kwa kweli na kubadilisha kwa ujanja, mpaka uko wapi?

Tarehe 2 Juni 2009, mwamuzi Folsom alisema programu mpya haina tofauti ya kutosha, na kwamba EchoStar imedharau amri yake. Aliongeza dola milioni 103 pamoja na riba. Mwezi wa Machi 2010, waamuzi watatu wa tribinali ya rufaa walimkubalia, wawili kwa mmoja. Kisha waamuzi wote wa tribinali hiyo wakaamua kuichukua kesi upya kwa pamoja, jambo wanalofanya mara chache.

Jibu lao lilitoka tarehe 20 Aprili 2011, na kila upande ulipata kitu cha kufurahia na kitu cha kuogopa.

Kwanza, waliweka kanuni mpya. Kuanzia siku hiyo, mwenye breveti anayedai kwamba mpinzani amedharau amri ya tribinali hatoshi kuonyesha kwamba mashine mpya inafanana na ya zamani. Anapashwa kuangalia hasa sehemu ile iliyohukumiwa: je, imebadilishwa kwa kweli ao hapana? Kwa hiyo hukumu ya mwamuzi Folsom juu ya programu mpya ilifutwa, na kesi ikarudishwa Texas ili alichunguze swali hilo tena.

Pili, walisema EchoStar ilikosea upande mwingine. Amri ilikuwa imeandika “zima kazi ya kurekodi”. EchoStar haikuzima, ilibadilisha programu na kuendelea. Kama ilikuwa inaona amri ni pana kupita kiasi, ilipashwa kulalamika tangu mwanzo, mbele ya rufaa ya kwanza. Haikufanya. Mtu hawezi kunyamazia amri miaka miwili, kisha aseme haikuwa wazi. Kosa hilo la kudharau amri lilibaki.

Sababu gani walipatana?

Siku 12 kisha uamuzi huo, mapatano yalitangazwa. Ukiangalia hesabu ya kila upande, haraka hiyo inaeleweka.

Dish na EchoStar, zilizokuwa zimegawanyika kuwa kompani mbili mwanzo wa 2008, zilikuwa bado chini ya amri ya kuzima ambayo tribinali ya juu ilikuwa imeithibitisha. Kila mwezi uliopita bila kuzima ungeweza kuongeza malipo. Na kupoteza wateja wenye kupenda kurekodi kungeuma kuliko kulipa.

TiVo nayo haikuwa imetulia. Ilipashwa kurudi Texas kuthibitisha kwamba programu mpya inavunja breveti, chini ya kanuni mpya iliyo ngumu zaidi. Tena, EchoStar ilikuwa imeomba ofisi ya breveti ichunguze upya uhalali wa breveti 389. Mara ya kwanza, mwaka wa 2007, ofisi iliithibitisha. Lakini mwaka wa 2010, katika uchunguzi wa pili, wachunguzi walikataa vifungu vya 31 na 61, vilevile vilivyobeba kesi yote. Uamuzi huo haukuwa wa mwisho, lakini ulitosha kumkosesha mtu usingizi. Na saa ilikuwa inaenda: breveti ilibaki na miaka saba tu. Kila mwaka mmoja wa kubishana ulikuwa mwaka mmoja uliopotea wa kuuza ruhusa.

Kwa hiyo mmoja alikuwa na hukumu mkononi lakini aliogopa hati yake kuanguka. Mwingine alikuwa na feza lakini aliogopa dekoda zake kuzimwa.

Nani alipata nini?

Katika mapatano ya tarehe 2 Mei 2011, mambo makubwa yalikuwa haya:

– Dish na EchoStar zinalipa TiVo dola milioni 500: milioni 300 mara moja, na milioni 200 zilizobaki kwa sehemu sita sawa, kila mwaka kuanzia 2012 mpaka 2017.
– TiVo inawapa ruhusa ya kutumikisha breveti zake fulani, pamoja na 389, mpaka muda wake utakapoisha.
– EchoStar nayo inaipa TiVo ruhusa ya kutumikisha breveti zake fulani za kurekodi televizio.
– Kesi zote kati yao zinafungwa, na amri ya kuzima inaondolewa.

Wateja wa Dish hawakupoteza kitu: dekoda zao ziliendelea kurekodi. TiVo ilipata feza ya kuendelea na kazi. Dish ilipata usalama, na kwa kulipa kidogo kidogo haikubeba mzigo wote siku moja. Malipo ya mwisho yaliwekwa 2017, mwaka mmoja mbele ya breveti kufa.

Wengine wakafuata

Mapatano hayo yalifungua njia. TiVo ilikuwa imezishitaki AT&T na Verizon tangu 2009. Mwezi wa Januari 2012, AT&T ilikubali kulipa angalau dola milioni 215. Mwezi wa Septemba 2012, Verizon ilikubali milioni 250.4. Mwezi wa Juni 2013, Cisco, Google (kwa ajili ya Motorola Mobility iliyokuwa imenunua) na Time Warner Cable zilipatana kwa milioni 490. Ukijumlisha mapatano hayo manne, unapita dola bilioni 1.4. Breveti za TiVo ziliingiza feza ambayo kompani hiyo haikuwahi kuikaribia kwa faida ya kuuza mashine.

Watu hawakubaliani juu ya somo la jambo hilo. Wamoja wanasema ni haki: bila breveti, mkubwa angemeza mdogo na hakuna mtu angethubutu kuvumbua tena. Wengine wanasema gharama hizo zinaishia kwenye bei anayolipa mteja kila mwezi, na kwamba kompani inaweza kuanza kuishi kwa kushitaki kuliko kwa kutengeneza. TiVo yenyewe ilinunuliwa mwaka wa 2016 na kompani Rovi, inayojulikana kwa kukusanya breveti, kwa karibu dola bilioni 1.1. Breveti 389 iliisha mwaka wa 2018. Tangu hapo, namna ile ya kurekodi ni ya kila mtu.

Inamhusu nini mvumbuzi wa kwetu?

Breveti ya Marekani ina nguvu Marekani tu. Amri ya Texas haiwezi kugusa dekoda iliyo Goma ao Bunia. Lakini kanuni za msingi ni zilezile, juu Kongo nayo iko na sheria yake ya mali ya kiviwanda: sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Maombi ya breveti yanapelekwa kwa wizara ya viwanda kule Kinshasa. Kongo iko pia ndani ya Mkataba wa Paris, ambao unampa aliyeweka maombi katika nchi moja muda wa miezi 12 wa kuyaweka katika nchi zingine huku akihifadhi tarehe yake ya kwanza.

Fundi aliyetengeneza mashine mpya ya kukausha kahawa ao ya kusaga muhogo anaweza kuchota mambo matatu katika kesi hii.

La kwanza ni tarehe. TiVo iliandikisha kisha ikauza. Mtu anayeonyesha mashine yake kwenye maonyesho ao kuweka video yake kwenye simu za watu mbele ya kuandikisha anaweza kuambiwa kwamba si kitu kipya tena. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili ni maneno. EchoStar iliponyoka katika vifungu vingi na kunaswa na viwili. Hati iliyoandikwa ovyo ni uzio wenye matundu, na msaada wa mtu anayejua kuandika vifungu una thamani yake.

La tatu ni kwamba hati haijilindi yenyewe. TiVo ilihitaji miaka saba, avoka wengi na feza mingi ili hati yake iheshimiwe. Mvumbuzi asiye na uwezo huo anaweza kutumia hati yake mapema kwa njia ingine: kumwendea mwenye kiwanda akiwa nayo mkononi, na kupatana juu ya malipo ya ruhusa kabla ugomvi haujaanza.